Mguu Usiochuliwa

Mumewe alishuka kwenye lori saa moja asubuhi akichechemea, na kabla hajavuka mlango Vidole alikwisha kuona kwamba suruali imembana mguu mmoja tu.

"Nini hicho?"

"Nini nini? Nimekaa kwenye usukani siku tatu, mguu umechoka. Nipishe nikae."

Vidole lilikuwa jina la kazini. Wateja ndio waliompa, likamfuata mpaka mtaani, na mama mkwe wake alilitumia kila alipotaka kumchokoza. Kwa miaka sita alikuwa akikanda watu kwenye nyumba ya masaji, ghorofa ya pili, juu ya duka la mapazia. Kulikuwa na chumba cha mafuta, chumba cha mawe ya moto, viti viwili vya kukandia nyayo, na mkeka mnene ambao juu yake watu walikunjwa na kunyooshwa mpaka viungo vikaalika. Wajawazito walilazwa ubavu. Wacheza mpira walikandamizwa kwa kiwiko huku wakiuma taulo. Kila mwili na namna yake, na Vidole alizijua zote. Kwa hiyo alipopiga magoti sakafuni na kumpandisha mumewe suruali, hakuwa anabahatisha.

Kigimbi cha kushoto kilikuwa kimejaa, ngozi imevutika inang'aa kama puto. Cha kulia kilikuwa kama siku zote. Aliweka mgongo wa kiganja juu ya ule uliovimba akakuta una joto, joto la peke yake, kana kwamba mguu ule ulikuwa na homa na mwenye mguu hana. Alipougusa kwa kidole kimoja tu, mumewe alivuta pumzi kwa meno.

"Huu hauchuliwi," alisema, akasimama. "Huu unapelekwa hospitali. Sasa hivi."

"Wewe nawe. Mguu umekufa ganzi tu."

"Ganzi haina joto."

Mama mkwe alikuwa ameshaingia na kikombe cha chai. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, na mtaa mzima uliijua ile mikono. Waliotenguka vifundo waliletwa kwake, watoto waliolia usiku kucha waliletwa kwake, na wazee walioshikwa kiuno walibisha mlango wake hata siku za mvua. Hakuwahi kukanyaga shule ya kukanda, wala hakuona kwa nini shule hiyo iwepo. Aliuinamia mguu wa mwanawe, akaguna.

"Damu imetuama. Mguu ungechuliwa kwa maji ya moto, saa hizi ungekuwa umeshakwisha huu uvimbe. Lakini mkandaji wa ghorofani kazi yake ni kukanda wageni. Wa nyumbani anawapeleka hospitali."

"Mama, si hivyo."

"Ni vipi basi?"

Vidole alimgeukia mumewe. "Twende. Nitakushika mkono tu mpaka barabarani."

"Kesho kutwa nina safari," alisema mumewe, macho yamemwiva kwa usingizi. "Nikiingia hospitali watanilaza. Wakinilaza, bosi anampa lori mtu mwingine, na huyo mtu mwingine halirudishi. Niache nilale mpaka mchana. Ukirudi, kama bado umevimba, tutakwenda. Nakuahidi mbele ya mama."

Vidole alisimama katikati ya chumba, mkoba begani. Saa tatu alikuwa na mteja, mwanamke wa benki mwenye shingo isiyogeuka, ambaye hakukubali mikono mingine, na ambaye Madam, mwenye nyumba ya masaji, alimtunza kama yai. Alipiga hesabu ya muda kichwani. Saa tatu mpaka saa nne na nusu, na njia nusu saa. Saa tano atakuwa amerudi. Baadaye angeirudia hesabu hiyo mara nyingi mno, akitafuta mahali alipokosea, na kila mara angekuta kosa lilikuwa palepale mwanzoni, kwenye kupiga hesabu.

"Mama," alisema, na sauti yake akaishusha chini kabisa, "nakuomba. Usiuguse huu mguu. Usiuchue, usiubinye, usiuwekee maji ya moto. Inawezekana damu imeganda ndani ya mshipa. Ukiusugua, lile bonge linaweza kukatika likapanda juu, likafika kifuani."

Mama mkwe alimtazama kutoka chini mpaka juu, taratibu, kama anayekadiria urefu wa kitambaa.

"Mimi nimeuzaa huo mguu," alisema.

*

Kazini mikono yake haikutulia. Alianza mabegani kabla ya kupasha mafuta, akaruka upande wa kushoto, akarudi. Mwanamke wa benki aliinua uso kwenye tundu la kitanda.

"Leo Vidole una haraka ya nini?"

"Samahani, dada."

"Nahisi kama unanipapasa mfukoni."

Walicheka wote wawili, lakini kicheko cha Vidole hakikufika mbali. Saa nne na dakika kumi alimfunika mteja wake kwa taulo, akamwambia apumzike peke yake zile dakika zilizobaki, akashuka ngazi na viatu mkononi.

Alianza kunusa mafuta ya kuchulia ya mama mkwe akiwa bado nje ya mlango wa nyumba. Ndani, beseni lilikuwa sakafuni, maji yake bado yanatoa mvuke, na taulo lililokamuliwa limening'inia kwenye kiti. Mama mkwe alikuwa anajifuta viwiko, uso umelegea kwa furaha ya kazi iliyokwisha vizuri.

"Njoo umwone. Amelala kama mtoto mchanga. Nimeanzia kwenye kifundo nikapanda nao mpaka nyuma ya goti, nikaukamua wote. Ona, umepungua."

Vidole hakuuona mguu. Aliona uso. Mumewe alikuwa ameketi kitandani, mkono mmoja ameushindilia kwenye ubavu, jasho linamtiririka hadi kidevuni. Alikohoa, akataka kukohoa tena akashindwa.

"Hewa," alisema. "Hewa haishuki."

Mambo yaliyofuata Vidole aliyakumbuka vipande vipande. Fundi wa magodoro wa nyumba ya tatu akiondoa magodoro kwenye gari lake na kuyatupa barabarani. Yeye mwenyewe akiwa nyuma ya gari, amempakata mumewe akiwa ameketi, akihesabu pumzi zake moja moja na kuogopa kila inayochelewa. Na mama mkwe mbele, simu sikioni, akimpigia mwanawe mkubwa na kupiga kelele juu ya mlio wa injini, "Mdogo wako anakata roho! Njoo! Sijui! Mguu! Njoo tu!"

*

Daktari alikuwa msichana mwembamba mwenye miwani, ambaye hakupandisha sauti wala hakukimbia, ila kila alichokiagiza kilifanyika upesi. Baada ya saa mbili alitoka akaja koridoni. Wakati huo kaka mkubwa alikuwa amekwishafika. Alikuwa muuza vipuri vya magari, mtu mnene mwenye funguo nyingi kiunoni, na alitembea huku na huku funguo zikimlilia.

"Damu iliganda kwenye mshipa wa mguu," alisema daktari. "Kipande kimekatika kikaenda kwenye mapafu. Yuko hai, tumempa dawa, anapumua kwa hewa ya mtungi. Siku mbili hizi ndizo za kuangalia. Niulize kitu. Mguu huu ulichuliwa?"

Vidole alimtazama mama mkwe. Mama mkwe alikuwa anatazama vigae vya sakafu.

"Ulichuliwa," alisema Vidole.

"Kwa nguvu?"

"Ndiyo."

"Haikupaswa. Siwezi kuapa kwamba ndiyo sababu, bonge huweza kukatika lenyewe hata mtu akiwa amelala. Lakini kuchua kunaweza kulisukuma. Nani aliyechua?"

Vidole alikuwa amekwisha kufungua mdomo, ila si kujibu. Alitaka kusema, Mama, sema. Muuza vipuri akamtangulia.

"Nani tena, daktari? Huyu hapa. Kazi yake ni kuchua watu, anachua usiku na mchana. Leo amemmaliza mume wake."

Daktari alimgeukia. "Ni wewe?"

Kimya kilichofuata hakikuwa kirefu. Mtu angeweza kukijaza kwa neno moja, na kwenye ile korido walikuwepo watu wawili waliokuwa na neno hilo. Vidole alisubiri. Aliona mikono ya mama mkwe imejificha chini ya khanga, imeshikana yenyewe kwa yenyewe, na akafikiri, atasema sasa. Anameza mate tu, sasa atasema.

"Mimi nilikuwa kazini," alisema mwisho.

"Kazini!" Muuza vipuri alicheka kicheko kibaya. "Sikia. Mguu ulijichua wenyewe."

Muuguzi akamwita daktari ndani, na swali likabaki hapo hapo koridoni na jibu walilompa wao.

*

Mtu hadhani korido ni ndefu mpaka aikae siku mbili. Muuza vipuri aliwaeleza wauguzi kwamba mgonjwa asisumbuliwe, na kwamba wa kuingia ni mama yake na yeye. Supu aliyoipika Vidole ilipokewa mlangoni na mama mkwe, ikaingia bila mpishi wake. Alikaa kwenye benchi, akasimama, akaenda mpaka bomba la maji, akarudi, akakaa tena. Mwanamke aliyekuwa anamsubiri mgonjwa mwingine alimwuliza kama ana kichocho.

"Sina kichocho. Nina wakwe."

"Hiyo haina dawa," alisema mwanamke, akasogea kumpa nafasi ya kuegemea.

Siku ya tatu mumewe alitolewa hewa ya mtungi, na muuguzi mmoja, aliyekwisha kuchoka kumwona akizunguka kama saa, akamfungulia mlango. "Ingia dakika tano. Wote nawajua kwa sura sasa."

Muuza vipuri alikuwa upande mmoja wa kitanda, mama mkwe upande mwingine. Mumewe alimwona, na macho yake yakafurahi kwanza, kisha yakahama.

"Umekuja kumalizia?" aliuliza muuza vipuri.

"Shemeji, nimekuja kumwona mume wangu."

"Mdogo wangu, huyu mwanamke ukitoka hapa ujue cha kufanya naye. Mtu anaoga mafuta ya wanaume wa watu, halafu anakuja kukujaribia wewe."

Mgonjwa alifumba macho. Vidole alisogea karibu, akasubiri. Mtu huyu alikuwa macho siku ile. Alijua ni mikono ya nani iliyopanda kutoka kifundoni mpaka nyuma ya goti. Alikuwa na sauti sasa, hafifu lakini sauti.

"Basi, kaka," alisema mumewe. "Yamekwisha pita. Tusamehe."

Tusamehe! Neno zuri, laini, na likampiga Vidole kuliko matusi yote ya yule kaka. Lilikuwa limemsamehe kosa ambalo si lake, mbele ya mtu aliyelitenda, kwa kinywa cha mtu aliyelishuhudia. Alimtazama mumewe muda wote uliobaki wa zile dakika tano. Mumewe hakufumbua macho.

*

Kesho yake muuza vipuri alipanda zile ngazi za juu ya duka la mapazia. Vidole hakuwepo, alihadithiwa. Shemeji alisimama mapokezi, mbele ya wateja watatu waliokuwa wamevaa malapa ya nyumba, mmoja na vitambaa vya moto shingoni, akauliza kwa sauti ya sokoni kama wanajua kwamba wanalea muuaji. Alieleza mguu, alieleza mapafu. Mteja wa vitambaa alivivua, akavaa viatu vyake, akaondoka na shingo yake vilevile ilivyokuwa.

Madam alimpigia simu mchana. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa biashara aliyelipa kodi ya ghorofa nzima.

"Vidole, kaa nyumbani kidogo."

"Kidogo ni siku ngapi, Madam?"

"Mpaka maneno yapoe."

"Si kweli alichosema. Mimi ndiye niliyekataza."

"Nakuamini. Lakini mteja hajalala kwenye kitanda changu ili aamini, amelala ili asahau mambo. Akikuona wewe sasa, anakumbuka mguu."

Ndiyo hivyo akabaki nyumbani, kitu ambacho mikono yake haikukijua. Alifua vilivyokwisha fuliwa. Alihamisha sufuria kutoka rafu ya chini kwenda ya juu na kuzirudisha. Mama mkwe naye alikuwa na zamu zake za hospitali asubuhi na jioni, na katikati walikuwa wawili katika vyumba viwili, wakipishana mlangoni bila kugusana, wakiulizana kuhusu chumvi.

"Chumvi ipo?"

"Ipo kwenye kopo."

"Haya."

Siku ya sita mwanamke kijana alibisha hodi na mtoto mchanga aliyekuwa akilia kwa tumbo. Alikuja kwa mama mkwe, kama watu wote. Vidole, aliyekuwa anachambua mchele mlangoni, alimwona mama mkwe akiinuka kwa mazoea, akinyoosha mikono kumpokea mtoto, kisha akiirudisha. Aliitazama ile mikono. Aliificha nyuma ya mgongo.

"Mpeleke zahanati, mwanangu."

"Tumbo tu, bibi. Si ulimkanda dada yake mwaka jana? Alipona hapohapo."

"Nimesema mpeleke zahanati. Mikono yangu inauma."

"Bibi, hata kidogo tu..."

"Inauma! Hamsikii?"

Mwanamke aliondoka, mtoto bado analia, na kilio kikasikika mpaka pembeni ya barabara. Mama mkwe alibaki amesimama. Vidole aliendelea kuchambua mchele ambao tayari ulikuwa mweupe. Alijua kwamba sasa hivi, kama angesema neno moja tu, lolote lile, mama mkwe angeanguka. Hakulisema. Hakutaka kulivuta kwa nguvu. Kwa miaka sita alikuwa amejifunza kwamba msuli ukiulazimisha unajifunga zaidi. Na pia alikuwa na hasira, na hasira yake ilitaka kuona mama mkwe atafika wapi.

*

Madam alimwita siku ya nane, akachukue vitu vyake. Havikuwa vingi: makoti mawili ya kazi, kandambili, chupa ya mafuta aliyochanganya mwenyewe, na cheti kilichokuwa ukutani. Madam alikwisha kukitungua, akakifuta vumbi, akakiweka mezani kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyouma. Wateja wawili walikuwa kwenye viti vya nyayo, miguu ndani ya maji, na mkandaji mpya, msichana aliyekuwa bado hajui pa kuweka viwiko, alikuwa anamkanda mmoja wao huku anamtazama Vidole kwa kuibia.

"Nitakuandikia barua nzuri," alisema Madam. "Popote utakapokwenda."

"Barua itasema nini? Kwamba nakanda vizuri, ila waulizeni shemeji zangu?"

Ngazi zililia. Mtu alikuwa anapanda polepole, akipumzika kila baada ya hatua tatu. Aliyetokea mlangoni alikuwa mama mkwe, jasho usoni, viatu vya kanisani miguuni. Katika miaka sita alikuwa hajakanyaga hapo hata mara moja. Alikuwa akisema kwamba nyumba ambayo watu wanalipa kuvuliwa nguo yeye hana haja ya kuijua. Alitazama mapazia, vitanda vyeupe, mawe meusi yaliyopangwa kwenye sufuria ya umeme kama mayai.

"Mwenye nyumba ni nani?"

"Ni mimi, mama. Karibu. Ungependa kukandwa?"

"Mimi? Mimi ndiye ninayekanda." Alishika ukingo wa meza ya mapokezi. "Mwanangu mkubwa alikuja hapa akasema maneno. Alisema kwa sauti?"

Madam aliwatazama wateja. "Kwa sauti, mama."

"Na mimi nitasema kwa sauti. Mguu wa mwanangu niliuchua mimi. Kwa mikono hii. Huyu hapa alikuwa amenikataza, alinikataza kwa heshima, akanieleza na sababu yake. Nikaona mtoto wa juzi ananifundisha kazi. Akatoka tu, nikachemsha maji."

Mkandaji mpya alikuwa amemshika mteja kidole gumba cha mguu na amesahau kukiachia.

"Nimechua watu miaka arobaini," aliendelea mama mkwe, na sasa sauti ilikuwa inamponyoka. "Sijawahi kumuumiza mtu. Au labda nimewahi, sikujua, walikwenda wakafia kwao. Siku hizi zote najiuliza. Nilikaa kimya hospitali kwa sababu niliona nikisema, basi mimi ni mama niliyemuua mwanangu. Nikaona afadhali awe yeye. Yeye si damu yangu. Ndivyo nilivyofikiri. Sasa nimesema."

Alitafuta pa kukaa. Vidole alimsogezea kigoda, na mama mkwe akakaa bila kumtazama. Vidole alikuwa amejiandaa kwa muda mrefu kwa dakika hiyo. Kwenye benchi la hospitali alikuwa ameitunga mara mia: yeye amesimama, wao wameinamisha vichwa, na yeye anasema jambo kali lisilosahaulika. Sasa jambo lenyewe limefika na hakuliona likimfurahisha. Aliona kizee kilichochoshwa na ngazi.

"Mama, kunywa maji," alisema.

"Utanisamehe?"

"Kunywa maji kwanza."

"Hujajibu."

"Sijajibu kwa sababu sijui. Siku nane, mama. Shemeji aliniita muuaji, ukala supu yangu."

Mama mkwe aliitikia kwa kichwa, akanywa maji. Mteja mmoja, bibi mwenye mvi aliyekuwa na miguu ndani ya beseni, alisema kwa mkandaji mpya, ila kila mtu asikie, "Mimi yule aliyekataa kuuchua ndiye ninayemtaka. Anajua wakati wa kuacha." Madam alikirudisha cheti ukutani mwenyewe, kikakaa upande, hakuna aliyekinyoosha.

"Jumatatu, saa mbili," alimwambia Vidole. "Lakini nikuambie kweli. Mwanamke wa benki amehamia kwingine."

"Na shingo yake."

"Na shingo yake."

Walirudi nyumbani kwa miguu, mama mkwe akisimama kila pembe kupumzika. Kwenye pembe ya mwisho alisema, "Huyu mkubwa nitampigia leo nimwambie."

"Hapana, mama. Huyo usimwambie."

"Kwa nini?"

"Yupo mwingine anayepaswa kumwambia."

*

Mumewe aliruhusiwa siku ya kumi na moja, na mfuko wa vidonge vya miezi sita na karatasi iliyosema hatashika usukani mpaka daktari aseme. Vidole alikwenda kumchukua peke yake. Mumewe alikuwa amepungua, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Alimwegemea begani kuteremka ngazi za mlangoni, na yeye akamshika kiuno kama anavyomshika mgonjwa yeyote, vizuri, bila kumwumiza. Teksi ilikuwa inasubiri getini, injini inaunguruma.

Alipokwisha kumketisha, na mguu ameunyoosha kwenye kiti, Vidole hakufunga mlango.

"Mama amekwisha sema," alisema.

Mumewe aliangalia mikono yake. "Ameniambia jana."

"Wewe ulijua tangu siku ya kwanza."

"Nilijua."

"Ulikuwa macho alipokuchua?"

"Nilikuwa macho. Nilimwambia wewe umekataza. Akasema nigeuke, nikageuka." Alipumua kwa uangalifu, kama mtu anayejaribu ubao uliooza. "Nilikuwa nimelala pale najiona nakufa, nikafikiri, nikisema ni mama, kaka atamla mzima. Atamfukuza hata kwake asifike. Ni mama yangu."

"Na mimi nani?"

Dereva wa teksi alijifanya anarekebisha kioo.

"Wewe nilijua hutaondoka," alisema mumewe.

Vidole alilipokea hilo lilivyo. Halikuwa tusi, wala halikuwa sifa. Lilikuwa ukweli wa nyumba yao, na alikuwa hajawahi kuusikia ukisemwa. Alitoa simu kwenye mkoba, akatafuta namba, akampa.

"Mpigie kaka yako."

"Sasa hivi? Tufike nyumbani kwanza."

"Hapa. Mimi nikiwa nimesimama."

"Mke wangu, watu wanatuangalia..."

"Siku kumi na moja walikuwa wananiangalia mimi."

Dereva alitaka kuuliza kuhusu muda, akamwona uso, akazima injini. Mumewe alishika simu kwa mikono miwili. Iliita muda mrefu. Kisha sauti ya muuza vipuri ikasikika hata nje ya gari, nyuma yake watu wakigonga vyuma.

"Kaka," alisema mumewe. "Ni mimi. Nimetoka. Hapana, sikia kwanza, usikate. Kaka, siku ile mimi nilikuwa macho. Mke wangu hakunigusa. Alikataa kunichua, akataka niende hospitali, nami nikakataa. Aliyenichua ni mama, na mimi niligeuka mwenyewe ili anichue. Nikamwacha mke wangu abebe lawama." Alisikiliza kidogo. "Hapana, hajanilazimisha. Yupo hapa, ndiyo. Utakuja nyumbani kesho, umwombe radhi. Na mimi nitamwomba mbele yako, kwa sababu mimi ndiye wa kwanza."

Upande wa pili vyuma viliacha kugongwa. Mumewe aliendelea kushikilia simu sikioni huku machozi yakimdondokea kwenye shati, hakuyafuta. Vidole alisubiri mpaka aliposikia, kwa mbali, ile sauti nene ikisema kwa ufupi, chini chini, "Nitakuja." Hapo ndipo alipozunguka gari, akafungua mlango wa upande wa pili, akakaa karibu naye na kuuinua ule mguu mgonjwa, kwa uangalifu, akauweka mapajani mwake bila kuuchua.

"Twende," alimwambia dereva. "Taratibu kwenye mashimo."